Kabla ya rangi kupakwa kwenye miti: koperative na sheria za pori



Wengi wenu mnaolima kando ya parki au rezerve mnajua habari hii. Unaamka asubuhi, unabeba jembe na panga, unafika mwisho wa shamba, na pale kwenye mti mkubwa unakuta alama ya rangi. Jana haikuwepo. Unauliza, unajibiwa: «Mpaka ni hapa.» Kakao yako uliyopanda miaka minne iliyopita, ambayo sasa ndiyo inaanza kuzaa, iko upande wa pili wa ile rangi.

Siku hiyo, kubishana na mlinzi wa pori hakusaidii kitu. Si yeye aliyeamua. Mpaka uliamuliwa mbele, katika mkutano, juu ya karatasi na ramani. Labda mkutano ulitangazwa na hamkwenda. Labda mlikwenda mikono mitupu. Sheria za pori zinabadilishwa mara kwa mara katika nchi yetu, na kila zinapobadilishwa kuna wakati mfupi ambapo mkulima anaweza kusema neno lake na likaandikwa. Habari hii inaeleza namna ya kujitayarisha kwa wakati huo.

Pori lenu ni la aina gani?

Sheria ya Misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inagawa mapori ya Kongo katika aina tatu.

Ya kwanza ni mapori yaliyotengwa, yale tunayoita kwa Kifaransa «forêts classées». Humo muna parki za taifa, rezerve za wanyama, rezerve za biosfera, bustani za mimea, na hata mapori ya kupumzikia na kutembelea. Sheria inataka aina hii ifikie angalau asilimia 15 ya nchi nzima.

Ya pili ni mapori ya ulinzi, «forêts protégées». Hapa watu wengi wanajikwaa. Jina linatisha, lakini kwa sheria aina hii ndiyo yenye masharti mepesi kuliko yale yaliyotengwa. Vijiji vyetu vingi viko humo, pamoja na mashamba na makaburi ya wazee wetu.

Ya tatu ni mapori ya uzalishaji wa kudumu, ambayo kampuni za mbao zinapewa kwa mkataba.

Kwa hiyo mtu akija kijijini akisema «pori hili linalindwa», msiitike tu. Muulizeni kwa heshima: «Bwana, ni lililotengwa, ao ni la ulinzi? Na karatasi inayosema hivyo iko wapi?» Jibu la swali hilo linabadilisha kila kitu.

Nini mnaweza kutoa humo?

Ndani ya parki ya taifa na rezerve kamili, sheria ya misitu haimpatii jirani haki ya kutoa kitu. Ndiyo sababu makala yanayochomwa ndani ya Virunga ni kosa, hata kama mchomaji amezaliwa hatua mia kutoka mpakani.

Lakini katika mapori mengine yaliyotengwa, wale wanaoishi kando yake wana haki ya matumizi. Sheria inazitaja haki hizo moja kwa moja: kuokota kuni zilizokauka na nyasi, kuchuma matunda na mimea ya chakula ao ya dawa, kuvuna asali, gundi na utomvu, kuokota viwavi, konokono na vyura, na kukata miti ya kujengea nyumba na ya kazi za mikono. Tena inasema kwamba mpango wa usimamizi wa pori unaweza kuweka pembeni sehemu fulani kwa faida ya majirani. Hiyo sehemu haiji yenyewe. Inapatikana kwa kuombwa wakati mpango unaandikwa.

Kuna sharti moja ambalo wengi hawalijui: haki hii ni kwa mahitaji ya nyumbani. Kuuza vitu ulivyopata kwa haki ya matumizi hakuruhusiwi, isipokuwa matunda na vitu vilivyo katika orodha ya waziri ao ya gavana wa jimbo. Koperative inayotaka kuuza asali ao uyoga wa pori iulize kwanza kama vimo katika orodha hiyo. Kama havimo, hilo ni ombi la kupeleka.

Mfano wa Kahuzi-Biega na mfano wa Okapi

Parki ya Kahuzi-Biega, katika Kivu ya Kusini, iliundwa mwaka 1970 ikiwa na ukubwa wa karibu kilometa za mraba 600. Mwaka 1975 ilipanuliwa kuelekea mapori ya bondeni hadi kufikia kilometa za mraba 6.000. Wabatwa waliokuwa wakiishi katika pori la juu walitolewa. Katika kipande chembamba kinachounganisha pori la juu na la bondeni, upande wa Nindja, wakulima walijikuta ndani ya parki pamoja na mashamba yao. Karibu miaka hamsini baadaye ugomvi wa mipaka hiyo haujaisha. Watu wamekufa, walinzi na wanakijiji, na miti imekatwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ilivunja haki za Wabatwa wa Kahuzi-Biega. Mpaka uliochorwa bila wenyeji haukuwafaa wenyeji, na pori lenyewe haukulifaa.

Rezerve ya Okapi katika Ituri iliundwa mwaka 1992, na ina karibu kilometa za mraba 13.700. Ile si parki ya taifa. Wambuti na wakulima wa vijiji vya kando ya barabara ya taifa namba 4, upande wa Mambasa na Epulu, walibaki ndani. Njia iliyochukuliwa huko ni ya kugawa eneo: sehemu ya kulima karibu na vijiji, sehemu ya kuwinda kwa desturi, na sehemu ya ndani ambayo haiguswi. Mipaka ya sehemu za kulima ilizungumzwa na vijiji vyenyewe.

Hatusemi kwamba kule Okapi mambo yote ni mazuri. Machimbo ya dhahabu, watu wenye silaha, na wakulima wapya wanaotafuta udongo wa kakao vimeleta shida nyingi. Lakini kijiji chenye sehemu ya kulima inayojulikana kina kitu cha kuonyesha. Mgeni akija kufyeka nje ya sehemu hiyo, kijiji na walinzi wanaweza kumkataza pamoja. Kule ambako mpaka haujulikani, kila mtu anafyeka haraka akihofia mwenzake atamtangulia.

Watalii wanapokuja

Sheria mpya za mapori zinasema pia habari ya utalii: njia za kupita, kambi, mahali pa kuangalia wanyama. Wengine wetu tunafikiri ni mambo ya wazungu na hayatuhusu. Yanatuhusu. Njia ya watalii ikipitishwa katikati ya bonde mnalolima maharage, mnapoteza. Ikipitishwa karibu na soko lenu, mnaweza kuuza mayai, mboga, kahawa na vikapu.

Tuangalie kwa majirani, maana sokwe wakubwa wa milima ya Virunga wanatembea Kongo, Rwanda na Uganda bila kuuliza mpaka. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutoa asilimia 5 ya mapato ya utalii wa parki zake kwa jamii za kando, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Uganda, kwa sheria, inatoa asilimia 20 ya pesa za kuingilia parki. Basi, mpango wa pori lenu ukisomwa mkutanoni na kutaja watalii, swali liwe: «Asilimia ngapi inarudi kwetu, inapitia mkononi mwa nani, na ni nani atasoma hesabu mbele ya watu?»

Lakini tusiweke mayai yote ndani ya kikapu hiki. Virunga ilifunga milango ya utalii mwezi wa 5 mwaka 2018 kwa sababu ya usalama, ikafungua mwezi wa 2 mwaka 2019, kisha ikafunga tena mwaka 2020 wakati wa korona. Pesa ya mtalii inakauka siku moja vita inaposikika. Shamba ndilo linabaki, ndiyo maana mpaka wa shamba ni wa kuzungumzwa kwanza.

Sheria ambazo zimebadilika

Katika miaka hii karatasi mpya zimekuja nyingi. Tunataja nne zinazowagusa.

Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya ulinzi wa viumbe ndiyo inaongoza maeneo yanayolindwa leo.

Dekrete namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba pori lake la desturi liwe pori la jamii. Linatolewa bure na bila mwisho wa muda, hadi hekta 50.000. Masharti yake: mkutano mkuu wa jamii, komite ya usimamizi, komite ya kuikagua hiyo ya kwanza, baraza la wazee, na mpango mwepesi wa usimamizi.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2022 inalinda haki za Wambuti, Wabatwa na ndugu zao wengine wa asili, pamoja na haki zao juu ya udongo. Kijiji kinachochora mpaka bila kuwaita kinajitayarishia ugomvi.

Mwisho, tarehe 15 mwezi wa 1 mwaka 2025 serikali iliunda Couloir Vert Kivu-Kinshasa, eneo la jamii lenye zaidi ya kilometa za mraba 540.000, linalotaka kuunganisha ulinzi wa pori, kilimo na usafirishaji wa mazao. Eneo kubwa namna hiyo litahitaji kugawanywa kidogo kidogo: hapa kulima, hapa kulinda, hapa kutembelea. Mikutano ya kugawa ndiyo tunayowaambia msiikose.

Na soko nalo limeweka sheria yake. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kakao na kahawa zitakazoingia kwao zisitoke katika shamba lililofyekwa porini baada ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2020, na mahali pa shamba pajulikane kwa GPS. Ile ramani inayowatetea mbele ya serikali ndiyo hiyohiyo mnunuzi ataiomba.

Koperative ifanye nini tangu sasa?

1. Andikeni daftari la mashamba: jina la mwenye shamba (mwanamke aandikwe kwa jina lake, si la bwana yake), zao, mwaka wa kufyeka, na majirani wa pande zote nne.

2. Chukueni alama za GPS. Simu ya kawaida yenye GPS inatosha. Kwa sheria ya Ulaya, shamba la hadi hekta 4 linahitaji alama moja tu. Lililozidi hapo linahitaji kuzungushwa lote. Tembeeni pamoja na wazee, majirani, na Wambuti ao Wabatwa wa hapo.

3. Ombeni karatasi kabla ya mkutano: uamuzi wa kuunda eneo, ramani, na mpango wa usimamizi. Ombeni kwa barua, na mbakie na kopi yenye muhuri.

4. Tumeni watu wawili ao watatu kwenye kila mkutano, mwanamke awe mmoja wao. Waende na daftari na ramani.

5. Angalieni mnachotia sahihi. Orodha ya waliohudhuria si makubaliano. Kama juu ya karatasi hakuna kichwa, kiandikeni wenyewe: «Orodha ya waliohudhuria tu.» Makubaliano yawe na proseverbali yake, isomwe kwa lugha ambayo wote wanasikia, na kopi ibaki kijijini.

6. Mjisafishe ninyi wenyewe. Koperative inayopokea kakao kutoka ndani ya parki inaharibu jina la wanamemba wote. Wekeni sheria hiyo katika kanuni zenu, na daftari litaonyesha nani ana shamba wapi.

Mtu atasema: «Sisi ni wadogo, watatusikiliza wapi?» Ni kweli, kuna mikutano ambayo imekwisha kuamuliwa kabla watu hawajakaa. Lakini hata hapo, proseverbali yenye tarehe inayosema «koperative ilionyesha mashamba 84 ndani ya mstari huu na ikaomba mstari usogezwe» ni karatasi ambayo msimamizi wa teritware, gavana ao jaji anaweza kuisoma miaka kumi baadaye. Maneno matupu ya mdomo hayafiki huko.

Katika mkutano mkuu wenu unaokuja, tunawaomba muweke swali moja katika ajenda: pori lililo karibu nasi ni la aina gani, na karatasi yake iko wapi? Kama hakuna mtu ndani ya chumba anayeweza kujibu, mchagueni mtu siku hiyohiyo wa kwenda kuuliza, na mmpatie pesa ya njia.