Bulo ikikataa kufunguka, tusivunje gari juu ya haraka

Ndugu wakulima, memba wa kooperative, mara hii hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunazungumza juu ya bulo. Kooperative mingi tunazotembelea ziko na gari moja tu ya kupeleka mazao ku soko, na hiyo gari ikilala njiani, mazao yote yanalala pamoja nayo. Mara mingi hata si motere iliyokufa. Ni kabulo kamoja kaliliwa na kutu, mtu akakalazimisha, kakavunjika.

Sisi wenyewe tumeyaona. Tulikuwa ndani ya kamio moja ya zamani ya Kijapani, imejaa tomate za memba, tunateremka Bukavu. Pine ya nyuma, upande wa kushoto, ikapasuka. Tukaweka mawe chini ya pine zingine. Mbele ya kuinua gari na krike, shofere akachukua kle akaanza kugeuza ekru upande ule tunaouzoea wote. Ikakataa. Tukaingiza bomba ya chuma juu ya kle, wanaume wane tukapanda juu ya bomba ile, tunaruka-ruka. Tukasikia "ta!" Tukafurahi. Kumbe bulo imekatika. Ya pili ikakatika vile vile. Tulipofika ku ya tatu, mzee mmoja aliyekuwa shofere zamani akapita, akatuuliza: "Mumeangalia herufi?" Tukapangusa matope. Ku ncha ya bulo kulikuwa L.

Hiyo L ni alama ya kushoto. Kamio mingi za Kijapani za zamani, bulo za pine za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, na zile za upande wa kuume zinafunguka kama kawaida, ziko na R. Saa ile yote tulikuwa tunafunga! Tulilala pale siku mbili tukingojea bulo zitoke mjini. Tomate za chini zikatoa maji ndani ya vitunga, na pesa ya kesi ya kooperative ikanunua bulo.

Basi kazi ya kwanza si nguvu. Ni kupangusa, kuangalia na kujua bulo inafunguka upande gani.

Sasa, kwa nini bulo inakataa? Kutu ni chuma iliyoliwa na maji na hewa, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma yenyewe. Kati ya meno ya bulo na meno ya ekru nafasi ile haiko, kwa hiyo kutu inajibana pale kama kabari. Ongeza matope ya barabara zetu, ongeza na mtu aliyefunga mara ya mwisho kwa kuruka juu ya bomba kama sisi, utaelewa.

Piga brosi ya chuma ku meno yanayoonekana mpaka yangae. Kisha tia mafuta mepesi yanayoweza kupenya. Mjini wanauza chupa za kupuliza, ni nzuri lakini ni bei. Kama haiko, mazutu iliyochanganywa na mafuta kidogo ya vidanje inasaidia, ao petroli ya taa. Mawese hapana. Ni mazito, na kwetu milimani asubuhi ya baridi yanaganda. Tia mangaribi, rudilia mbele ya kulala, fungua asubuhi. Usiku mmoja wa kungojea unafanya kazi kuliko wanaume wane. Bulo ikiwa karibu na freni, angalia mafuta yasiguse garnitire wala disiki, kwa sababu freni yenye mafuta haishiki.

Asubuhi, piga kichwa cha bulo na nyundo, moja kwa moja, mapigo mafupi na makavu. Si kuiponda: ni kuitetemesha ili kutu ipasuke ndani. Kisha, kitu ambacho watu mingi hawaamini, jaribu kwanza kuifunga, kidogo sana. Ikisogea hata unywele mmoja, umeshinda. Rudisha, tia mafuta, funga kidogo, fungua kidogo, kwenda na kurudi. Ukiifungua moja kwa moja bila kurudi, kutu inajikusanya mbele ya meno na inabana tena.

Kle nayo ni neno. Bulo inayozunguka bila kona imeharibiwa na kle, si na kutu. Kle ya 17 na kle ya inchi 11/16 zinafanana machoni, lakini ile ya inchi inazidi karibu nusu ya milimetre, na nusu hiyo inatosha kula kona. Kle molete, ile ya kukaza na kidole, iache kwa kazi za bomba za maji. Kwa bulo ngumu tafuta kle inayozunguka kichwa chote, na ndani iwe na pande 6. Ile ya pande 12 inashika ncha za kona tu, na ncha njo zinakwisha kwanza.

Na kama kona zimekwisha? Usiendelee kuzungusha kle ile ile, unamaliza zilizobaki. Piga juu yake kle ya kuingiza iliyo ndogo kidogo, kwa mfano ya 16 juu ya kichwa cha 17, uiingize na nyundo mpaka ikae. Ikikataa, chukua tupa, chonga pande mbili zinazotazamana ziwe sawa, ushike na kle ndogo ya mdomo. Kama ni ekru na si kichwa, unaweza kuikata ubavuni na msumeno wa chuma, pole pole usifikie meno ya bulo, kisha uipasue na burini. Ekru ni ya bei ndogo, iende. Fundi wa kusude naye ana njia nzuri: anasude ekru mpya juu ya kichwa kilichoharibika, na unapata kona mpya. Moto wa kusude wenyewe unalegeza kutu.

Juu ya moto tuseme wazi. Ekru ikipashwa inapanuka, kwa hiyo unapasha ekru, si bulo. Ikiwa moto, gusisha mshumaa ku meno: nta inayeyuka na kuvutwa ndani. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini apana kamwe kupasha bulo za pine ikiwa pine iko na hewa. Moto unapita ku chuma ya gurudumu mpaka ndani ya pine, na pine inalipuka kama bomu. Imekwisha kuua watu. Apana vile vile karibu na tanki ya mafuta, mipira ya freni, wala batri. Na kama umetia petroli ao mazutu, pangusa yote kwanza.

Bulo ikitoka, usirudishe ile iliyochoka. Na usikubali fundi akutengenezee nyingine na fere ya kujengea nyumba. Angalia namba ku kichwa: 8.8, 10.9. Namba ikiwa kubwa, bulo iko na nguvu zaidi, na mpya isiwe chini ya ile uliyotoa, sana sana ku resore, ku direksio na ku freni. Bulo laini pale itakatika siku gari imejaa watu.

Tunaomba komite ziweke ndani ya gari brosi ya chuma, chupa ya mazutu iliyochanganywa, nyundo, tupa, kle ya pande 6 ya bulo za pine, na bulo mbili za akiba pamoja na ekru zake. Na kila mara pine ikitolewa na kurudishwa, shofere asimame kisha kilometre 50 hivi akaze ekru tena, hata kama mvua inanyesha na wachuuzi wanamuita.