Gundi ya Mbao Itokanayo na Lignini: Kwa Nini Kazi Huanzia Kwenye Kiwanda cha Karatasi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna plaiwudi, chipubodi na MDF zinavyotegemea fomaldehidi, gesi kali inayowasha macho na pua ambayo, ikiunganishwa na yurea au fenoli kisha ikapashwa moto katika mashine ya kukandamiza, hugeuka gundi ngumu isiyoyeyuka tena. Ilielezwa pia kwamba fenoli ya viwandani hutokana na mafuta ya petroli, na kwamba mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehidi katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Sehemu hii inaigeukia lignini yenyewe, ili kuonyesha kwa nini kitu kinachopatikana kwa wingi kiasi hiki duniani kimechelewa sana kuchukua nafasi ya fenoli katika gundi ya mbao.

Lignini ni ile sehemu ya mti inayoshikilia nyuzi za selulosi pamoja na kuupa mti ugumu wa kusimama, kama udongo unavyoshikilia fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Katika mbao iliyokauka, lignini huwa takriban robo ya uzito, ingawa katika misindano kiwango hicho hukaribia theluthi, na katika miti mingi ya majani mapana hushuka kuelekea sehemu moja ya tano. Mwaka 1838 mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi kutoka katika mbao na kuonyesha kwamba ilikuwa imezingirwa na kitu kingine chenye kaboni nyingi zaidi, na kitu hicho ndicho kilichokuja kuchunguzwa kwa miaka mingi kwa jina la lignini. Kilichowavutia watengenezaji wa gundi ni muundo wake: molekuli ya lignini imejengwa kwa pete za kaboni sita, nyingi zikiwa zinafanana na pete ya fenoli. Kwa hiyo wazo la kuiondoa fenoli ya petroli na kuweka lignini mahali pake lina msingi thabiti wa kikemia.

Ugumu unaanzia kwenye nafasi zilizo wazi katika pete hizo. Pete ya fenoli halisi ina nafasi tatu ambazo fomaldehidi inaweza kuzishika, na kwa kuwa kila pete inaweza kufungwa na jirani zake katika pande tatu, gundi inapokauka hufanyika wavu mzito usiopenywa na maji. Katika lignini, mmea wenyewe umekwisha kuitumia nafasi moja kuunganishia mnyororo wa kaboni tatu unaoshika pete na pete. Nafasi mbili zilizobaki mara nyingi hukaliwa na vikundi vya methoksili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu iliyoshikwa kwa oksijeni. Pete za msindano kwa kawaida huwa na kikundi kimoja cha namna hiyo, hivyo hubakiwa na nafasi moja. Katika mkaratusi na miti mingine ya majani mapana, pete nyingi huwa na vikundi viwili na hazibakiwi na nafasi yoyote. Na katika nyasi na mazao kama muwa hupatikana pia kiasi cha pete zisizo na kikundi hata kimoja. Kwa sababu hiyo, kauli kwamba lignini imefaa au imeshindwa katika gundi haina maana mpaka itajwe ni lignini ya mmea gani.

Haitoshi hata kuutaja mmea, kwa sababu lignini ya viwandani si ile iliyokuwamo ndani ya mti. Viwanda vingi vya karatasi hutumia njia ya krafti, iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, ambamo vipande vya mbao hupikwa kwa hidroksidi ya sodiamu na sulfidi ya sodiamu, kwa joto la karibu nyuzi 170 za Selsiasi, mpaka lignini ikatike vipande vipande na kuyeyuka, huku nyuzi za selulosi zikibaki kuwa rojo la karatasi. Katika upikaji huo baadhi ya vipande vya lignini huungana upya kwa namna ambayo haikuwapo katika mti, na vingine hujiunganisha kupitia zile nafasi chache zilizokuwa wazi, ilhali salfa nayo huingia na kuacha harufu yake. Njia nyingine ya zamani, ya salfiti, hutoa lignini inayoyeyuka katika maji, nayo ni sifa mbaya kwa gundi inayotarajiwa kustahimili mvua. Katika miaka ya 1960, nchini Denmark, vilijaribiwa vibao vya chipubodi vilivyoshikwa kwa kimiminika cha salfiti, navyo vilishika, lakini vilihitaji asidi na mvuke wa moto mkali kwa muda mrefu, hali iliyozila mashine zenyewe kwa kutu.

Hapa inafaa kusahihisha dhana inayorudiwa mno, kwamba lignini ni taka inayotupwa na viwanda vya karatasi na kwa hiyo inapatikana bure. Kimiminika cheusi kinachobaki baada ya kupika mbao hupunguzwa maji na kuchomwa katika tanuri la pekee, ambamo lignini huwa kuni za kuzalisha mvuke na umeme wa kiwanda, na kemikali za upishi hurudishwa zitumike tena. Kwa makadirio ya kawaida, viwanda vya karatasi duniani huzalisha zaidi ya tani milioni 50 za lignini kwa mwaka, na takriban asilimia 2 tu huuzwa kama bidhaa. Anayeichukua lignini anachukua kuni za kiwanda, na lazima ajibu swali la nini kitachomwa badala yake.

Jibu lililokubalika kiuchumi lilipatikana katika upungufu wa tanuri lenyewe. Kiwanda kinapotaka kuongeza rojo, mara nyingi tanuri ndilo linalokikwamisha, kwa kuwa haliwezi kuchoma kimiminika zaidi ya uwezo wake. Basi sehemu ya lignini ikitolewa kabla ya kuchomwa, tanuri hupata nafuu na rojo huongezeka. Njia iitwayo LignoBoost, iliyoendelezwa nchini Uswidi, hupitisha kabonidioksidi katika kimiminika cheusi ili kupunguza ukali wa alkali, lignini ikajitenga na kuchujwa, kisha ikavurugwa katika maji yenye asidi na kuoshwa, ikabaki unga wa kahawia ulio safi kiasi cha kufaa kwa gundi. Mtambo wa kwanza wa kibiashara wa njia hiyo ulianza kazi mwaka 2013 katika kiwanda cha Domtar huko Plymouth, North Carolina, Marekani, na wa pili mwaka 2015 katika kiwanda cha Sunila, Finland, ukiwa na uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka. Nchini Finland pia kampuni ya UPM iliingiza sokoni plaiwudi ambayo lignini imechukua nafasi ya nusu au zaidi ya fenoli katika gundi yake. Hata hivyo, mwaka 2023 uzalishaji wa rojo wa Sunila ulifungwa kwa kukosa faida, na utoaji wa lignini ukafungwa pamoja nao, jambo linaloonyesha wazi kuliko maelezo yoyote kwamba gundi hii haiwezi kusimama bila kiwanda cha karatasi kilicho hai.

Unga ukishapatikana, wakemia huupunguzia uzembe wake kwa kuuandaa kabla. Unaweza kupikwa kwanza na fomaldehidi kidogo ili nafasi zilizo wazi zipate mikono ya kushikia, au ukapikwa na fenoli ili pete mpya zenye nafasi nyingi zibandikwe juu ya lignini. Wapo wanaoiacha fomaldehidi kabisa na kutumia glaiyoksali, ambayo haipeperuki hewani kwa urahisi na sumu yake ni ndogo zaidi, ingawa nayo hushika polepole. Upole huo una gharama, kwa sababu kila dakika inayoongezeka katika mashine ya kukandamiza hupunguza idadi ya vibao vya siku, na mwenye kiwanda huihesabu dakika hiyo kabla ya kuihesabu afya ya mtu yeyote.

Kwa Afrika ya Mashariki, suala hili lina mahali pake panapojulikana. Wilaya ya Mufindi nchini Tanzania ina shamba la miti la Sao Hill lenye misindano mingi, ina viwanda vinavyomenya magogo kuwa tabaka nyembamba za plaiwudi, na ina kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985, kinachotumia njia ya krafti. Lignini ya msindano, ambayo ndiyo yenye nafasi ya kushikia, inachomwa katika wilaya ile ile inayohitaji gundi. Si mbali na hapo, mkoani Njombe, miwati imepandwa tangu mwaka 1949 kwa ajili ya tanini ya maganda yake, na tanini hiyo hushikana na fomaldehidi kwa kasi kuliko lignini; Afrika Kusini imeitumia viwandani kutengeneza gundi ya mbao tangu miaka ya 1970. Mchanganyiko wa lignini ya Mgololo na tanini ya Njombe unastahili kujaribiwa na vyuo vyetu kwa vipimo vya kweli, ukiwemo ule wa kuchemsha kipande cha plaiwudi kwa saa 72 na kukivuta mpaka kikatike, kabla ya mtu yeyote kuagiza teknolojia iliyotungwa kwa ajili ya misitu ya Finland.

Sehemu ya tatu itaeleza tanini ya muwati na namna inavyogeuzwa kuwa gundi.