Bwawa Halina Bamvua

Mvuvi wa visiwani huhesabu siku zake kwa mwezi. Ajuaye bamvua na maji mafu hujua siku ya kwenda pwani na siku ya kukaa barazani akitengeneza madema yake. Mtoto wa Unguja, Pemba au Mafia huyajua hayo mapema, pengine kabla hajahitimu juzuu yake ya kwanza chuoni. Hivi karibuni, hata hivyo, tuliwachukua watoto wetu kwenda kuvua mahali pasipo na bahari, na huko mmoja wao akatuuliza swali ambalo tunaona linastahili kuwekwa mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya viongozi wenye dhamana ya misitu na maji.

Sisi tunakaa Pugu. Ndugu zetu wa visiwani wanaoshuka katika bandari ya Dar es Salaam huijua Pugu kwa mnada wake wa ng'ombe, au kwa shule yake ya sekondari, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ya ualimu ili aitumikie TANU. Wachache hujua kwamba ukiipita Gongo la Mboto na kuifuata barabara ya Kisarawe, ardhi huanza kuinuka, joto la mji hupungua, na mara unajikuta umezungukwa na msitu. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, yenye hekta zaidi ya 7,000, mabaki ya msitu wa kale wa pwani. Ndani ya vilima hivyo, upande wa Minaki, limo bwawa. Si mbali kwa kipimo cha maili, lakini kwa mkaazi wa Kariakoo au wa Mbagala ni kama nchi nyingine.

Safari yetu ilikuwa ya watu sita: sisi na mama watoto, watoto watatu, na bibi yao aliyevuka kutoka Unguja kuja kututazama. Kabla ya kuondoka tulitaka kufuata taratibu. Tulikwenda katika ofisi moja kuuliza ni ruhusa gani inayohitajika kwa mwananchi anayetaka kuvua kwa ndoana pamoja na wanawe. Tulipelekwa meza hii, tukarejeshwa meza ile, tukaambiwa anayehusika ametoka, na adhuhuri tukarudi nyumbani hatuna jibu. Jibu tulilipata langoni mwa msitu siku ya safari, kwa mzee mlinzi, kwa muda usiozidi dakika moja.

"Vueni kwa mshipi," alituambia baada ya kumwamkia. "Nyavu hapana, dawa hapana, na watoto wasiingie majini."

Bibi aliuliza kwa nini watoto wasioge. Mzee akajibu kwa neno moja: "Kichocho." Hakuhitaji kueleza zaidi, kwani maradhi hayo yanajulikana sana Unguja na Pemba. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba vijidudu vyake, na vijidudu hivyo hupenya katika ngozi ya mtu anayekoga au kufua. Bahari haina konokono hao, ndiyo maana mtoto wa pwani huweza kuyadhania maji yote kuwa ni ya kuchezea.

Tulikaa kivulini, tukafunga ndoana na vyambo vya nyungunyungu, tukangoja. Kijana wetu wa miaka 11 alikuwa amesoma kitabuni habari za samaki aitwaye trauti, na alitumaini kumpata. Ilitubidi tumweleze kwamba samaki huyo hutaka maji ya baridi kali yanayokwenda mbio, na kwamba vilima vya Pugu ni vifupi mno kwake. Huyu ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Uskochi na kutiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya, na uvuvi wake ukawa starehe ya walowezi, yenye vilabu na leseni. Kwa miaka mingi, basi, neno "kuvua kwa kujifurahisha" lilikuwa ni neno la bwana mkubwa. Mwananchi alivua ili ale, na siku yake ya mapumziko haikuhesabiwa kuwa ina haja ya msitu wala ya bwawa. Tunasema kwamba mtumishi aliyefanya kazi wiki nzima naye ana haki ya kukaa ukingoni mwa maji na wanawe, na perege wa nchi yetu wanatosha kabisa kwa shughuli hiyo.

Saa mbili zikapita bila kuguswa ndoana. Ndipo binti yetu mdogo, aliyezoea pwani ya Unguja kila likizo, alipouliza: "Baba, maji yanajaa saa ngapi?"

Bibi alicheka. Sisi tulikuwa tunatafuta maneno, lakini yule mzee mlinzi, aliyekuwa amekuja kututazama, akatangulia kumjibu. "Haya hayajai kwa mwezi, mjukuu wangu. Yanajaa kwa mvua, na yanakaa kwa miti."

Tuliyafikiri maneno hayo siku nzima. Mwezi haukatiki kwa panga, wala hakuna mwenye kuupakia katika magunia. Bahari ikipwa asubuhi, mvuvi ana hakika itajaa jioni. Lakini bwawa halina bamvua. Lina kilima na msitu wake tu. Miti ikiwapo, majani yake hupunguza nguvu ya mvua, mizizi hushika udongo, na maji huzama ardhini yakatoka kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Miti ikiondoka, mvua ile ile huteremka kwa kishindo, hubeba mchanga na tope, na tope hilo hujaza bwawa kutoka chini. Aliye mbali huona maji, kumbe ni kina cha goti. Na habari haiishii bwawani, kwa kuwa mto Msimbazi na mto Kizinga huanzia katika vilima hivyo hivyo. Anayeuona Msimbazi ukifurika Jangwani wakati wa masika na auangalie pia mlima ulikotoka.

Muda si mrefu kijana wetu alituita kwa mnong'ono. Penye maji mafupi palikuwa na perege jike, na mbele yake wingu dogo la vifaranga. Kivuli chetu kilipomwangukia, mama yule alifungua kinywa, na vifaranga wote wakaingia ndani. Ndivyo alivyoumbwa: hutunza mayai na wanawe kinywani, na muda huo wote hali kitu, au hula kidogo sana. Ndoana haimpati kwa urahisi, lakini nguo humpata. Kijana, aliyeona kikapu kitupu tangu asubuhi, akamwomba bibi kanga yake. Wanawake wa pwani hujua kutanda dagaa kwa nguo, naye bibi alikuwa hodari wa kazi hiyo ujanani. Aliishika kanga yake kwa muda, akimtazama samaki. Kisha akajifunga tena.

"Huyu ukimchukua, mjukuu wangu, umewachukua na wa mwakani," alisema.

Tulirudi na kambale mmoja, aliyenaswa dakika za mwisho. Njiani tulipishana na baiskeli tatu zilizobeba magunia ya mkaa, wenyewe wakizisukuma kwa jasho kuelekea mjini. Watoto walizitazama, wakatutazama sisi, nasi hatukuwa na la kusema. Jioni ile kambale yule alipikwa kwa nazi, na bibi, ambaye daima husema kwamba samaki wa maji baridi wananuka tope, aliomba kuongezewa mchuzi. Lakini aliiva juu ya jiko la mkaa, lililo uani kwetu miaka yote. Ni wazi kwamba mwenye baiskeli hachomi mkaa kwa ajili yake peke yake. Anauchoma kwa ajili yetu, na kwa ajili ya majiko mengi ya Dar es Salaam na ya ng'ambo, kwa kuwa mkaa wa bara huvuka bahari mpaka visiwani.

Kwa hiyo hatuandiki ili tuwanyoshee kidole watu maskini wa kando ya msitu. Serikali ya Jamhuri ya Muungano inao mkakati wa nishati safi ya kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika matumizi ya nishati hiyo. Lengo hilo ni jema, lakini mtungi wa gesi ambao mama ntilie hawezi kuujaza mara ya pili hauokoi mti hata mmoja. Bei ya kujaza mtungi iwe ndicho kipimo cha mkakati wenyewe. Na anayeishi kwa kuchoma mkaa apewe kazi nyingine: mizinga ya nyuki, bustani za miche, au kazi ya kuongoza wageni katika msitu anaoujua kuliko wengi wetu.

La pili, tunaomba kila bwawa linalofikiwa na wananchi liwe na kibao cha Kiswahili chenye mambo manne tu: chombo kinachoruhusiwa kuvulia, wakati unaoruhusiwa, ada inayolipwa, na onyo la kichocho. Mwananchi anayetaka kutii sheria asizungushwe meza kwa meza kutafuta sheria yenyewe.

La tatu, tunawaomba walimu na wazazi, wa bara na wa visiwani, wawapeleke watoto wakayaone maji yanakotoka. Mtoto wa kisiwani anayajua maji ya chumvi, na mtoto wa mjini anaujua mfereji. Wote wawili wanahitaji kukijua kilima.

Nyumbani kwetu tumeanza kwa hatua ndogo: jiko la mkaa limeondolewa uani, na gharama ya gesi tunaibeba kwa kujinyima mengine. Binti yetu ameuliza tutakwenda lini tena. Tumemwahidi kwamba tutarudi baada ya masika, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayepima kina cha maji, kwa mshipi na chubwi, ili mwaka unaofuata apime tena na atuambie.