Mji wa mtoto wako unakunywa maji ya wapi?

Mtoto yuko kwenye kompyuta tangu saa tatu asubuhi. Mama akichungulia haoni bunduki wala mbio za magari. Anaona ziwa, visiwa vyenye misonobari, na mji mdogo ufukoni. Baada ya muda mtoto analalamika: watu wa mji wake wanaumwa, nyumba zinabaki tupu, na hajui amekosea wapi.

Gemu hiyo ni Cities: Skylines, iliyotoka Machi 2015. Mchezaji ndiye meya. Anapewa fedha kidogo na kipande cha ardhi cha takriban kilomita mbili kwa mbili, kisha ajenge barabara na kuleta umeme, maji na mabomba ya majitaka. Gemu ina pia sehemu ya kuchora ramani, hivyo wachezaji huumba ardhi yao na kugawiana bure kupitia Steam. Ramani za nchi ya maziwa hupendwa kwa uzuri wake. Ugumu wake huonekana baadaye.

Kwenye mto mambo ni mepesi: pampu ya maji safi inakaa juu, bomba la majitaka chini, na mkondo unabeba uchafu. Ziwani hakuna mkondo wa kutegemea. Uchafu wa kahawia unatanda polepole, na pampu ikivuta sana inauvuta nao. Mtoto huongeza zahanati, akidhani upungufu ni wa madaktari.

Waliotengeneza gemu hii, kampuni ya Colossal Order, wanatoka Tampere nchini Finland, nchi yenye maziwa yapatayo 188,000 ukihesabu na madogo. Mji huo umekaa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi. La kwanza liko juu ya la pili kwa mita 18, na maporomoko ya Tammerkoski yanayoshuka kati yake ndiyo yaliyoendesha viwanda vya nguo katika karne ya 19. Tampere nayo iliwahi kukosea kama mtoto huyu, ila kwa watu halisi. Mwaka 1916 ilikumbwa na mlipuko wa homa ya matumbo, kwa sababu maji yaliyochotwa ziwani bila kusafishwa yalikuwa yameingiliwa na majitaka. Wengi walikufa. Baada ya hapo mji ukaanza kutia klorini.

Mzazi asiyejua hata kushika kipanya anaweza kusaidia hapa. Keti kando yake, mwulize swali moja tu: haya maji machafu yanakwenda wapi? Usimpe jibu. Mwache asimamishe mchezo na kufuata bomba kwa macho. Huenda akalihamishia upande wa pili wa rasi, akajenga mtambo wa kusafisha, au akaachana na ziwa na kuweka minara inayovuta maji ya ardhini. Minara hiyo ikae mbali na viwanda, maana udongo ukichafuka na maji yake huharibika.

Kuhusu pesa: gemu inauzwa, na nyongeza zake nyingi pia zinauzwa. Akiomba nyingine, mwambie ajaribu kwanza ramani mpya ya bure. Na kwa kuwa mji hauna mwisho, kubalianeni mapema saa ya kuzima.

Akishahamisha bomba lake, huenda akauliza choo cha nyumbani kinamwaga wapi. Kama mzazi hajui, watoke nje wakaangalie pamoja.