Fahamu: Olga Sosina, mshambuliaji aliyefungiwa mlango wa dunia

Olga Sosina alizaliwa Almetyevsk, Tatarstan, mwaka 1992. Alivuma katika hoki ya barafuni akiwa SKIF ya Nizhny Novgorod, kisha Agidel ya Ufa. Akiwa na Urusi alitwaa shaba ya dunia 2013 na 2016, mara zote mbili kwa kuifunga Finland. Kwenye Olimpiki ya 2018 Finland ililipa kisasi: 3-2 katika mechi ya kuwania shaba. Beijing 2022, wachezaji waliteleza wakiwa wamevaa barakoa dhidi ya Kanada, kwa hofu ya korona, wakalala 6-1.

Siku chache baada ya michezo hiyo Urusi iliivamia Ukraine, na shirikisho la kimataifa likazifungia timu zote za Urusi. Sosina alikuwa na miaka 29, umri ambao mshambuliaji bado ana mengi miguuni.