Ubani na Gundi Havikai Chetezo Kimoja

Sisi watu wa pwani tunaujua ubani ukiwa chetezoni, kwenye maulidi na hitima, ulikopitia hatuulizi. Mimi nilifundishwa Isiolo, tena baada ya hasara. Nilinunua kilo moja ya kupeleka Mombasa kwenye hitima ya marehemu mama. Usiku nikachoma punje chache: chumba kizima kikanuka sukari iliyoungua!

Asubuhi nikampelekea mfuko mama mmoja wa Kiborana, mchambuaji ubani. Aliutikisa kwenye chekecheo, mchanga ukapita. Akaupeta kwa ungo, maganda ya miti yakapeperuka kwa wepesi wake. Yakabaki matone ya manjano, yote yakifanana.

"Humu mna gundi ya mgunga, mwanangu," akasema.

Akatia tone moja moja katika vikombe viwili vya maji. Kufika alasiri, la gundi limeyeyuka lote, maji yananata. La ubani limeyatia maji weupe tu, utomvu wake umebaki.

"Basi tuuloweke wote, mama?"

"La! Ubani nao una gundi kidogo ndani yake, utauharibu. Sugua, unuse. Ubani hunukia, gundi haina harufu."

Tulichagua mpaka magharibi. Gundi hakuitupa: nayo ina wanunuzi wake, hutiwa katika peremende, soda na wino. Kila kimoja kina thamani yake. Kuchanganywa ndiko kunakoviharibu vyote viwili.

Hitima ikasomwa, alhamdulillahi, na chetezo kikanukia.