Mazulia ya Fars: ufundi usio na mchoro

Katika mkoa wa Fars, kusini mwa Iran, zulia ni kazi ya familia nzima. Wanaume hukata manyoya ya kondoo na kutengeneza kitanda cha kufumia, ambacho hulazwa chini. Wafugaji wa kuhamahama, kama Waqashqai, huweza kukifungasha na kuhama nacho. Wanawake husokota sufu, huitia rangi na kufuma. Rangi hutoka kwenye mimea: nili hutoa buluu, na maganda ya komamanga pia hutumika.

Mfumaji hafuati mchoro wowote. Mandhari ya maisha yao huyatoa kichwani, fundo kwa fundo, hivyo hakuna mazulia mawili yanayofanana. Mama humfundisha binti kwa maneno na kwa vitendo. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ufundi huu katika orodha ya urithi wa binadamu.

Lakini heshima peke yake hailishi familia. Marekani ilifungua soko lake kwa mazulia ya Iran Januari 2016, ikalifunga tena Agosti 2018. Soko likifungwa, mfumaji hupungukiwa. Binti akiacha kufuma, hakuna mchoro uliobaki ambao mwingine angejifunzia.

Kwa hiyo, ndugu wanakamati na wafadhili, tunaposaidia kikundi chochote cha ufundi tusiulize tu, "Bidhaa itauzwa wapi?" Tuulize pia, "Nani anafundishwa leo?"